Gari Linataka Chai

Kwa majirani zangu wa Makuyuni, saa kumi na mbili na robo asubuhi haikuwa ikitangazwa na redio. Ilitangazwa na Hilux yangu. Nikizungusha ufunguo, injini ilishtuka, kisha kwa sekunde nne au tano ikatoa sauti ya mahindi makavu yanayomwagwa kwenye debe tupu: kwara-kwara-kwara. Halafu ikatulia na kuanza kunguruma kama dizeli yoyote inayojiheshimu. Jirani wa nyumba ya pili aliwahi kunilalamikia kwamba siku niliyopanda basi kwenda Tanga, wanawe walichelewa shule.

Gari hilo aliniuzia shemeji yangu. Namba A. Nimesahihisha mitihani kwa miaka 31, na hiyo ndiyo A pekee niliyopata kuijutia. Siku ya makabidhiano shemeji alipapasa boneti kama mtu anayemuaga ng'ombe wa maziwa, akasema, "Shemeji, injini hii ni 3L. Haifi hii. We ibadilishie oili na filta tu."

Neno lililoniponza ni hilo la mwisho.

Nilikwenda kwenye duka la spea hapo barabarani, yanapopita mabasi ya kwenda na kutoka Arusha, nikaomba filta ya oili ya 3L. Kijana wa dukani akauliza, "Ya bei gani, Mwalimu?" Sikujua kama filta zina madaraja. Akaniwekea maboksi matatu mezani: la 25,000, la 15,000 na la 7,000. Nikamuuliza tofauti yake nini. Akafikiri kidogo, akajibu kwa uaminifu ambao hadi leo namheshimu nao: "Hii ya 25,000 ni OG. Hii ya 15,000 ni kama OG. Hii ya 7,000 ni filta."

Mimi nilikuwa nimekuja kununua filta.

Jina la kiwanda maarufu cha Japani lililochapwa kwenye boksi lile lilikuwa na herufi moja pungufu. Mtoto wa darasa la tano akiniletea daftari lenye kosa kama hilo namzungushia duara jekundu kabla hajafika kiti chake. Lakini macho ya mtu anayeokoa shilingi 18,000 hayasomi, yanahesabu. Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kukamata bidhaa bandia, na huzikamata na kuziteketeza. Haiwezi kusimama kila kibanda cha spea kutoka Chalinze mpaka Korogwe. Mwenye miwani puani nilikuwa mimi.

Gereji yetu iko chini ya mkuyu, kama inavyostahili mahali panapoitwa Makuyuni. Paa ni matawi. Makuyu yakiiva hudondoka kwenye injini zilizo wazi, na Babu Fundi husema hiyo nayo ni sababu mojawapo ya gari kuwa na filta. Mzee huyu alijifunza kazi ujanani kwenye matrekta ya shamba la mkonge, na mpaka leo anaongea na injini za dizeli kwa sauti ya kinyapara. Nilipompa kile kiboksi alikigeuza, akakisoma, akakirudisha kwenye mwanga.

"Mwalimu, hii umenunua au umepewa?"

"Nimenunua, Babu."

"Ah."

Akaifunga. Ile "ah" ilikuwa na thamani ya shilingi 18,000 kamili, ila sikuwa na sikio la kuipokea.

Kesho yake asubuhi nikachomoa kijiti cha kupimia oili ili nifurahi. Jana oili ilikuwa imemiminwa rangi ya asali. Leo ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya msibani. Nikashika njia hadi gereji, nimekinyoosha kijiti mbele yangu kama ushahidi wa mahakamani, nikamwambia mzee wa watu, mbele ya wateja wake, kwamba amenimwagia oili chafu, ile wanayopaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa.

Hakukasirika. Aliendelea kufuta mikono. "Mwalimu, nyumbani kwako mnapikia kuni?" Nikakubali. "Sufuria inabaki nyeupe?"

Ndivyo nilivyojifunza, nikiwa nimesimama na kijiti changu, kwamba dizeli huzalisha masizi, kwamba baadhi ya masizi hayo hupenya pembeni ya pistoni na kushukia kwenye oili, na kwamba kazi ya oili ni kuyabeba yasigande. Chembe zake ni ndogo mno, nyingi zinapita kwenye karatasi ya filta bila hodi. Filta inashika vikubwa zaidi: mchanga, unga wa chuma, masizi yaliyoshikana madonge. Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku ya pili si wizi. Nikaomba radhi kwa sauti ndogo kuliko ile niliyotukania. Wateja waliondoka na sauti ya kwanza.

Halafu ndipo zikaanza zile kwara-kwara za asubuhi. Nikazivumilia karibu mwezi. Niliona ni uzee, maana magoti yangu nayo hulia hivyo hivyo nikiamka. Ila asubuhi moja Babu Fundi aliniomba lifti ya Korogwe mjini, akakaa kiti cha mbele, nikawasha. Akainua kidole kimoja, kama maimamu wanavyonyamazisha watoto.

"Umesikia?"

"Nasikia kila siku, Babu."

"Kila siku! Na unakaa kimya! Injini inaamka kavu. Hiyo ni chuma kwa chuma, Mwalimu. Zima."

Safari ya Korogwe ikafia pale. Tukalisukuma gari hadi chini ya mkuyu, akaingia uvunguni, akatoka na filta ikichuruzika, akaibana kwenye vaisi, akachukua msumeno wa chuma. Sijawahi kuona mtu akikata kopo kwa utulivu namna ile. Kando yake akaweka filta nyingine kuukuu, aliyoitoa kwenye Hiace ya mtu, OG, aliyokwisha kuipasua zamani na kuihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Ni kifaa chake cha kufundishia. Nilihisi wivu, maana shuleni kwetu hatujawahi kuwa na kizuri kama kile.

Alizikunjua karatasi zote mbili juu ya gunia. Mkono wangu wa kazi ukaanza kuhesabu wenyewe: ya OG ilikuwa na mikunjo 61, imesimama sawasawa kama watoto wa gwaride. Ya kwangu ilikuwa na 38, mingine imelala, na mahali karatasi inapoungana gundi ilikuwa imeachia nafasi ya kupitisha kidole. Oili ilikuwa ikipita mlangoni hapo bila kusumbuka na karatasi. Nilihesabu kila kitu siku hiyo isipokuwa kitu kimoja, na tutakifikia.

"Mama watoto ana kifumbu?" Babu aliuliza.

Nani Tanga hana kifumbu? Akasema filta ni kifumbu cha injini. Nazi iliyokunwa inabanwa, tui linapita, machicha yanabaki. Kifumbu kikitoboka, wali unakuwa na machicha. Hapo nilikuwa naelewa vizuri, hata njaa ikaanza. Ila kifumbu cha injini, akasema, kina mambo mawili ambayo cha jikoni hakina. Akaokota kipande cha mpira mduara, kipana kama mdomo wa kikombe, kutoka kwenye ile OG. Kililegea kidoleni kama ngozi ya maziwa. Hicho, gari likizimwa, kinafunga njia ili oili iliyomo kwenye filta isirudi chini kwenye sampo. Asubuhi ukiwasha, oili ipo tayari mlangoni. Kisha akaokota cha kwangu, akakikunja. Kikavunjika, tak. Kilikuwa kigumu kama ndala iliyosahauliwa juani. Usiku kucha filta yangu ilikuwa ikijimwaga, na kila asubuhi pampu ilianza kuijaza upya wakati injini tayari inakimbia. Zile sekunde nne za mahindi kwenye debe ndizo hizo.

Jambo la pili ni kopo dogo lenye springi, kwenye kitako cha filta. Karatasi ikiziba kabisa kwa uchafu, au oili ikiwa nzito kwa baridi, springi inasukumwa na kufungua njia ya mkato, oili inapita bila kuchujwa. "Bora wali wenye machicha kuliko kulala njaa," Babu alisema. Springi hiyo ikiwa laini mno, oili inapita njia ya mkato kila siku na karatasi inabaki pambo. Ikiwa ngumu mno, siku filta ikiziba injini inakosa oili kabisa. Nikamuuliza ya kwangu ikoje. Akaigeuza ile filta ya 7,000, akaitikisa, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Ya kwako hawakuweka."

Nimekuja kusoma baadaye kwamba filta ya oili ya magari iliyopata umaarufu kwanza ilibuniwa Marekani na Ernest Sweetland na mwenzake George Greenwood, mwaka 1923, wakaiita Purolator, jina walilolifupisha kutoka maneno yenye maana ya "oili safi baadaye". Hao watu wangefaa sana kuishi kwetu. "Baadaye" ndilo jibu la kila mwenye gari wa Makuyuni akiulizwa lini atabadilisha oili.

Basi Babu akamtuma kijana wake anayejifunza kazi: "Kimbia dukani, waambie wakupe filta ya 3L, OG, niione kwanza." Kijana akaondoka kwa baiskeli. Baada ya nusu saa akarudi na oili lita tatu.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia watu wawili pale shuleni kwamba gari langu lina injini ya lita tatu. Jina hilo limetega watu wengi. Hiyo L ni jina la ukoo wa injini za dizeli za Toyota, na tarakimu inaonyesha tu ni mtoto wa ngapi. Injini ya 2L ina sentimita za ujazo 2,446, yaani karibu lita mbili na nusu. 3L ina 2,779, haifiki lita tatu. Na 5L, inayotajwa kwenye Hiace kwa sauti ya fahari, ina 2,986. Hiyo ndiyo inayokaribia lita tatu, wala si tano. Kijana alipoelezwa hayo akauliza, "Sasa Mwalimu, hii oili tunairudisha?" Muuzaji alikuwa amekwisha kukata kiwambo cha mdomo "asaidie". Hairudi.

Boksi la 25,000 la lile duka lilipoletwa, Babu alilikataa kwa sababu halikuwa na tofauti na la 7,000 ila wino. Nikampigia simu binamu yangu wa Dar es Salaam, anayefanya kazi karibu na Gerezani, ambako spea hazikosi. Akaipata siku hiyo hiyo, OG, namba yake inaanza na 90915 kama filta za Toyota zinavyoanza, akanitumia picha. Mke wake akatia na kilo moja ya ubuyu wa Zanzibar kwa ajili ya watoto. Wakafunga boksi kwa selotepu ya kahawia, wakaandika jina langu, namba ya simu, na "MAKUYUNI". Wakalipeleka kwenye basi.

Hapa wanaojua jiografia wameanza kutikisa kichwa. Nchi hii ina Makuyuni zaidi ya moja. Ipo yetu ya Korogwe, na ipo ya Monduli, mbele ya Arusha, pale njia ya Manyara na Ngorongoro inapochepuka kutoka kwenye barabara ya kwenda Babati. Basi aliloliona binamu lina neno Makuyuni kwenye vituo vyake lilikuwa la Karatu. Kinachoniuma si kwamba lilikwenda mbali. Kinachoniuma ni kwamba lilipita hapa. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai barabarani, nasubiri filta yangu, nikalipungia mkono basi lililoibeba, na dereva akanipigia honi ya salamu. Likaendelea kilomita kama 400 zaidi.

Konda niliyempata simuni kesho yake alikuwa mtu mwema. "Mzigo nimeushusha Makuyuni, baba, kama ulivyoandikwa. Kuna mtu kaupokea." Nikamwambia mimi ndiye wa kuupokea na sijaupokea. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwani wewe uko Makuyuni gani?" Swali hilo lingeulizwa Dar es Salaam lingeniokolea mengi.

Kufikia hapo Hilux ilikuwa na siku ya tano chini ya mkuyu, haina filta, imejaa makuyu kwenye bodi, kuku wa jirani ametaga kiti cha dereva. Na Jumamosi nilikuwa na posa. Mpwa wangu alikuwa amepata mchumba Handeni, mimi ndiye mshenga, na wazee watatu wa ukoo walikwisha kufua kanzu.

Ijumaa nikapanda bodaboda hadi Korogwe mjini, mfukoni nina kile kipande cha mpira laini cha Babu, kiwe mwalimu wangu. Nilimtesa muuzaji. Kila filta aliyonipa niliingiza kidole kwenye vile vitundu vya pembeni kubonyeza mpira wa ndani. Nikachungulia kwa tochi ya simu kutafuta springi. Nikasoma boksi herufi moja moja, kwa sauti. Nikalinganisha namba ya boksi na namba ya kopo. Akaniambia, "Mzee, hii ya gari la petroli pia inaingia, chukua tu." Nikamjibu kwamba hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha mwanangu nikiusukuma. Mwisho alinitolea moja kutoka juu kabisa ya rafu, akifuta vumbi, 25,000, na sura ya mtu anayelipa deni.

Narudi gereji jioni, Babu hayupo. Amekwenda mazishini Hale, na kijana amekwenda naye.

Kufunga filta ni kazi ya mkono, si ya spana. Hilo nilikuwa nalijua. Unapaka oili kidogo kwenye mpira wa mdomoni, unazungusha hadi mpira uguse injini, halafu unaongeza kama robo tatu ya mzunguko, basi. Nilifanya yote hayo, giza limeingia, tochi ya simu nimeing'ata kwa meno, nikijiona nimehitimu. Nikatia oili mpya, nikiitumia na ile ya lita tatu ya kijana. Mungu hatupi mja wake. Nikawasha mara moja filta ijae, nikazima, nikawasha tena. Hakuna kwara-kwara! Kimya kitamu, sekunde moja tu na injini inanguruma. Nililala usingizi wa mtoto.

Asubuhi tukashika njia ya Handeni. Mjomba mkubwa mbele pamoja nami, kanzu nyeupe inayoumiza macho. Wazee wawili na mpwa nyuma kwenye bodi, pamoja na yale makuyu tuliyoshindwa kuyafagia. Tulikuwa tumeanza kupanda kilima, nimekanyaga mafuta, mjomba akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa kwako kuna picha ya birika imewaka. Nyekundu."

"Basi gari linataka chai, mjomba."

Tukacheka wote wawili. Mimi niliacha kucheka kwanza.

Nilizima injini kabla gari halijasimama. Nyuma yetu kwenye lami kulikuwa na mstari mweusi, mzuri, umenyooka kama nimeupiga kwa rula. Mjomba, ambaye hakuwahi kumiliki hata pikipiki, aliinama kuchungulia uvunguni, na aliponyanyuka kanzu ilikuwa na ramani.

Babu Fundi alinijibu simu akiwa bado msibani, kwa kunong'ona. "Mwalimu, ile mbovu tulipoikata, mpira wake wa mdomoni ulikuwepo?" Nikafumba macho. Nikaiona tena ile filta kwenye vaisi, mdomo wake, mfereji wa kukalia mpira. Mtupu. Mikunjo 38, mikunjo 61, na mpira haupo, umebaki umeganda kwenye injini, na mimi gizani nimefunga filta mpya juu yake. Mipira miwili ikikaliana haishiki. Oili ya moto ikisukumwa kwa nguvu kilimani inausukuma mmoja nje, na lita sita zinamalizika kabla hujamaliza utani wa chai.

Bodaboda ililetwa na oili. Nikafungua filta pembeni ya barabara, na ile mipira ilikuwa pale, miwili, imekumbatiana. Nikaondoa wa zamani, nikafuta injini kwa kitambaa ambacho sitasema ni cha nani. Injini ilipona, nadhani kwa sababu niliacha kucheka mapema.

Tulifika ukweni saa mbili na nusu baada ya wakati. Washenga wakichelewa hutozwa faini, na mzee wa upande wa pili, baada ya kuitazama kanzu ya mjomba kwa muda mrefu, alitaja 25,000. Posa ilipokelewa. Chai ilikuwa imepoa.

Sasa gari linawaka kimya. Jirani amekuja kulalamika tena, wanawe wanachelewa.

Na kama unasoma haya ukiwa Makuyuni ya Monduli, na ulipokea boksi lenye selotepu ya kahawia lisilo lako, ubuyu kula na watoto, nimekuhalalishia. Filta naiomba. Mwisho wa mwezi huu natimiza kilomita 5,000. Ukiituma kwa basi, andika Korogwe.